Cover inalipia shida moja tu, na mama mkwe alikuwa na mbili

Wakuu, salamu kutoka Voi. Hii ilinipata mwenyewe na sijaitia chumvi. Mke wangu ni member humu, nikidanganya atanianika.

Mimi ni Mluhya, fundi wa reli. Mke ni Mtaita wa Werugha, kule milimani kwenye ukungu. Mama yake nimemuingiza kwenye cover ya kazi, yaani bima ya matibabu, kadi ikiwa kwa jina langu.

Sasa cover imeanza kubana matumizi. Ukienda kliniki unatibiwa shida moja tu, ya pili urudi siku nyingine. Na mwenye kadi lazima akae ndani na mgonjwa mpaka mwisho, eti tusitibishe majirani.

Mke angekuja nasi, lakini ni mwalimu, alikuwa anasimamia mtihani. Ikabaki mimi na mama mkwe.

Kwetu mama mkwe hata mkono humpi. Mimi humsalimia nikiangalia viatu vyangu.

Dada wa reception akauliza, "Mama, shida ni gani? Moja tu."

Mama akaniangalia, akaangalia dari. "Goti."

Ikaandikwa goti.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akabonyeza goti, akauliza lilianza vipi.

"Nilianguka."

"Ukienda wapi?"

"Nje."

"Nje kufanya nini?"

Mama akakunja leso, akaikunjua. Daktari akaelewa mimi ndiye kizuizi, akaniambia nitoke. Nikamuonyesha kamera ya watu wa cover juu ya mlango. Nikitoka, hawalipi.

"Basi geuka, angalia ukuta."

Nikageuka. Ukutani kulikuwa na bango la kunyonyesha. Nikafunga macho, nikaanza kuimba wimbo wa kanisa polepole ili nisisikie.

Nilisikia yote. Watu wa milimani wamezoea kuitana kutoka shamba hadi shamba, kunong'ona kwa mama ni sawa na mimi nikiongea kawaida. Alisema usiku kucha anatoka kwenda choo. Kiu haiishi. Macho yana ukungu, na sio ule wa Werugha. Ndio usiku mmoja akateleza kwa ngazi za choo.

Daktari akaacha goti. "Nataka kupima sukari."

System ikakataa. Akapigia watu wa approval, wale wa cover wanaokubali au kukataa malipo, simu ikiwa loudspeaker.

"Daktari, hapa naona goti," dada wa approval akasema kutoka Nairobi. "Sukari ni shida ya pili. Arudi siku nyingine."

"Alianguka akienda choo. Nikitibu goti bila kujua kwa nini anaenda choo hivyo, ataanguka tena, na mtalipia goti lingine."

"Goti lingine?"

"Ako na mawili."

Tukasikia akibonyeza keyboard. Approval ikaingia.

Wakuu, sukari ilikuwa juu mpaka daktari akapima tena akidhani mashine ina shida. Hapo wimbo ukaniishia. Huyu mama alikuwa arudi mlimani na dawa ya kuchua, na siku nyingine tungemshusha akiwa hajitambui. Dawa ya sukari alianza siku hiyo hiyo.

Tukitoka akaniuliza, "Baba Neema, umesikia?"

"Sijasikia kitu, Mama."

"Basi uwe unanikumbusha dawa, kwa sababu umesikia."

Siku hizi hapigii binti yake, anapigia mimi. Nikiwa kazini na wenzangu, ananipa ripoti ya sukari na ya choo, kwa ile sauti. Wazee wa kwetu wakijua sijui nitawaambia nini.

Nilichojifunza: siwalaumu watu wa cover kwa kubana, kuna wenzetu wanatibisha kijiji kizima kwa kadi moja. Lakini mwili hauji vipande vipande. Ukiambiwa uchague shida moja, watu wengi watataja ile isiyo na aibu, na ile ya aibu ndiyo inaua. Kama umempeleka mzazi, tafuta njia aiseme, hata kama ni wewe kuangalia ukuta.

Madaktari mlio humu, hizo simu za approval mnazishinda aje? Na nyinyi wengine, mkiambiwa moja tu, mngetaja gani? Semeni bila aibu, mimi nimeshasikia yote.