Mafuta ya kuganda ya Wakesho

Leo nilijiandaa kumtetea mkwe wangu, nikabaki na maneno yangu kinywani.

Binti yangu anaolewa kesho. Wakesho, mke wa mwanangu, aliombwa kutengeneza vipande vya mafuta ya kumkandia.

Aliyeyusha nta ya nyuki, akachanganya na mafuta ya nazi na asumini, akamimina katika vikombe vya kahawa.

Kipimo alikitoa kwao Wundanyi. Kule mlimani, kwa baridi ile, vipande huwa vigumu kama sabuni.

Hapa Voi, kufikia adhuhuri, mafuta katika vikombe vyote yalikuwa mepesi kama uji.

Na Bi Rehema, somo wa bibi harusi, mwenye kumfunda na kumkanda, akafika mapema. Akachovya kidole.

"Mwanangu, haya tumkande au tumnyweshe?"

Kabla sijajibu, Wakesho alivuta kiti.

"Joto la kwenu ndiyo kwanza nalijua, Bi Rehema. Keti unywe chai."

Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Alirudisha yote jikoni, akaongeza nta, akamimina upya, kisha akavizika vikombe hadi karibu na ukingo katika mchanga wenye unyevu chini ya mtungi wa maji.

Birika la pili halijaisha, Bi Rehema alikuwa akijisugua kiwiko kwa kipande kigumu.

Akafunga vipande vyote katika kitambaa, isipokuwa kimoja, alichokitia ndani ya buibui.

"Hicho nacho cha bibi harusi?" nikamuuliza.

"Hiki cha somo."

Mwenye mkwe wa kumshinda wangu na aseme.