Mashati ya Wenyeviti Yaliyogoma Kukauka

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na siwalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo huwa najifinya. Niliona wenyeviti wa vyama viwili mahasimu wameshika koleo moja. Si koleo la kupigia picha. La kweli, lenye uchafu wa kweli, na harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka chai inanigomea kooni.

Aliyewashikisha ni mdogo wangu, dobi, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Pasi. Mimi kaka yake niliishia darasa la saba, na hilo la saba nilikaa dirishani, lakini akili za ukoo zilikuja kwangu. Yeye aliambulia mikono. Miaka kumi na tisa anafua na kupiga pasi katika chumba kimoja chenye meza ndefu, hii hii ninayoandikia, na kamba sita uani. Ukutani kuna kalenda. Kila jioni anatia vema kama nguo zimekauka, kosa kama hazikukauka. Kalenda za zamani hazitupi. Amezipigilia kwenye msumari mmoja mpaka zimenenepa.

"Unaliitia jua mahudhurio?" nilimcheka siku moja.

"Ndiyo, kaka. Na siku hizi limekuwa mtoro kama wewe."

Mlangoni pake unapita mtaro. Kama mnakula, wekeni sahani pembeni kwanza. Upande wa juu wa mtaa wanatamba watu wa chama cha mashati ya kijivu, chini wale wa mashati ya waridi. Wa kijivu walizoa tope la upande wao wakalimwaga chini. Jumapili iliyofuata wa waridi wakalizoa wakalirudisha juu. Pale katikati, kwenye kalavati mbele ya dobi, hakuna aliyegusa, eti ni mpakani. Nepi, mifupa ya bucha, oili chafu ya gereji, panya aliyevimba kama puto. Watu wazima, wana ndevu, wanagawana uvundo kwa vyama! Nilitema mate, na ningekuwa na mengine ningeyatema pia.

Ndani ya mwaka mmoja maji yalikuwa yameingia chumbani mara mbili, tena miezi ambayo zamani tulikuwa tunafagia vumbi. Mwenye nyumba akamwambia, "Sakafu yangu inaoza. Yakiingia mara ya tatu, utanipisha."

Dobi akaitisha kikao. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa waridi, akasimama, akakohoa, akasema, "Haya ni mabadiliko ya tabianchi." Papo hapo muuza magodoro, mwenyekiti wa kijivu, akapiga meza: "Hilo neno la wapinzani! Mvua ni mvua!" Mwalimu akajibu kwamba serikali ndiyo iliyouua mtaro. Wakarushiana maneno na mate mpaka kwenye vikombe vya watu. Kikao kikafa. Walioshiba siku ile ni mbu.

Kisha ikaja mvua ya manyunyu, siku tisa mfululizo, wiki ambayo kila chama kilikuwa na mkutano wake wa hadhara. Jumamosi asubuhi wenyeviti wote wawili wakafika kuchukua mashati yao, kila mmoja akilinusa la kwake.

"Dobi, hili linanuka kama mbwa aliyelowa!" Magodoro akafoka.

"Langu limeota ukungu kwapani, dada," Mwalimu akalalamika.

"Kwani kwa nini hayakukauka?" Dobi akawauliza.

"Si mvua!" wakajibu kwa pamoja, kisha wakatazamana kama wezi waliokutana juu ya ukuta mmoja.

Dobi akafunga mlango. "Humu ndani maneno matatu ni marufuku. Mwalimu, usiseme tabianchi. Kaka Magodoro, usiseme wapinzani. Na serikali msiitaje wote wawili. Semeni jua, mvua na mtaro. Atakayekosea, shati lake linarudi kwenye beseni."

Akashusha kalenda, akafunua mwezi ule ule, mwaka baada ya mwaka. Vema, vema, vema. Halafu kosa moja. Halafu makosa yamejipanga kama daftari langu la hesabu. Magodoro alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza.

"Zamani mwezi huu nilikuwa naanika magodoro nje," akasema taratibu. "Sasa yananiozea stoo. Sijamwambia mtu."

"Kwa nini?" Mwalimu akauliza.

"Ningeonekana nimeongea kama nyinyi."

Mwalimu akafumbua mdomo, "Ta..." Dobi akaliinua shati lake juu ya beseni. Mwalimu akalitazama shati. "Ta... tatizo ni kalavati," akamalizia. "Na tope lile, kusema kweli, hata sisi tulilirusha."

Alasiri ile ile wakachimba. Koleo la kijivu wa waridi hawakuligusa, la waridi wa kijivu hawakuligusa, basi wakapokezana la dobi, lile la kutolea matope chumbani. Msidhani niliwapenda. Walipomaliza tu, kabla hata ya kunawa, kila mmoja alimwita mpiga picha wake apige upande wake.

Jumanne mvua ikashuka kwa hasira. Maji yakapanda, yakafika vidole viwili chini ya kizingiti, yakapita zake. Mwenye nyumba alichungulia sakafu, akaondoka. Dobi akatia kosa kwenye kalenda, akaendelea kupiga pasi.

Lakini msisahau nani aliyeingia ndani ya kalavati lenyewe. Ni mimi huyu huyu. Nilizama mpaka kifuani, nikaona mzoga wa mbwa mkubwa kama ndama, nikamkamata miguu, nikamvuta peke yangu huku wenyeviti wote wananililia nisi—

"Kaka, mbwa gani? Yule alikuwa panya, na aliyemtoa ni Mwalimu. Wewe ulikuwa umesimama juu ya meza hii, umeziba pua kwa shati la mteja. Hebu sogea, nina kazi."