Kadi ya Katikati

Kaka yangu alikuwa bahili wa kadi zake za wachezaji wa mpira. Zilikuja ndani ya pakiti za chingamu, na chingamu ilikuja Kindu, mji wetu, kwa treni. Vita vilipoikata reli, kadi mpya zikaisha, na zile alizokuwa nazo akaanza kuziuguza. Alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka kwenye uchaga wa jikoni, penye mahindi ya mbegu, ili moshi ufukuze mchwa na unyevu. Zikageuka rangi. Tukamtania kwamba anakausha samaki.

Katikati ya kadi hizo alijiweka mwenyewe. Alichukua picha yake ndogo, akaibandika juu ya sura ya mshambuliaji fulani. Mama alimchapa vizuri, maana picha ilikuwa ya mtihani wa shule. Leo hakuna picha yake nyingine popote duniani.

Watu wenye bunduki walipokaribia mji, kila nyumba ilizika kitu: cherehani, sufuria, nguo za harusi. Sisi tulizika hata lile kopo la kadi, kwa sababu kaka alikataa kuondoka kabla ya kuliona liko salama. Mama akaziba kifuniko kwa nta ya mshumaa, maji yasiingie. Tukashika njia ya kwenda Tunda. Huko njiani wale wenye bunduki walimchukua kaka abebe mizigo yao. Hakurudi.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa tupu, hata picha za ukutani hazipo. Kopo lilikuwepo. Nta ilikuwa imezuia maji ya nje na kufungia ndani unyevu wetu wenyewe. Kadi zilishikana zote kama mche wa sabuni. Nilijaribu kubandua ya juu, karatasi ikatoka na sura ikachanika. Nikaacha. Miaka yote hii nimelihamisha lile bonge sanduku hadi sanduku, nikijua yumo ndani na siwezi kumtazama. Nimesahau macho yake yalivyokuwa. Naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo.

Juzi mama, ambaye siku hizi anaona ukungu tu, aliniita kwake Alunguli, ng'ambo ya mto, akaniambia nije na kadi.

"Fungula tu, mutoto wangu. Nataka nimuone mbele ya kufa."

Nikachemsha maji, nikalishika bonge juu ya mvuke, nikabandua kadi moja moja kwa kisu. Nikafika katikati. Picha ilikuwa imeoza. Kadi yake ilitoka nyeupe, na alama ya gundi tu pale palipokuwa na uso.

Kabla sijasema neno mama aliichukua mkononi mwangu. Akaisogeza karibu na pua, akaitazama kwa muda mrefu.

"Njo yeye mwenyewe," akasema. "Bado iko kijana."

Sikumwambia kwamba kadi ni tupu. Nilimwonea wivu.