Macho Kwenye Kontena

Kitabu hicho nimekifungia kabatini, chini ya mapazia ya zamani, na sitaki kukigusa tena. Si kwamba ni kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusoma. Vibaya nimevisoma vingi na nikavisahau siku hiyo hiyo. Lakini hiki kimemzuia mama yangu kupona macho, na aliyekiandika ni mwandishi tuliyempenda nyumbani kwetu kuliko wote.

Tulimpenda kwa sababu ya baba. Baba alikuwa karani Kurasini, kwenye yadi za makontena, na riwaya ya kwanza ya huyu bwana ilihusu wizi wa bandarini. Mama alimsomea baba kwa sauti wakati anakula, na kila baada ya kurasa mbili tatu baba aliacha tonge mkononi na kusema, "Hapo kweli. Geti liko hivyo hivyo." Mwandishi alijua mlinzi anasinzia saa ngapi, lakiri ya kontena inafunguliwaje bila kuacha alama, wakala anaongeaje akiwa na haraka. Baba alifariki, vitabu vikaendelea kutoka, na mama alinunua vyote. Nyuma ya jalada huwa pana namba ya simu ya mwandishi, kama walivyozoea waandishi wetu, na kila alipomaliza kitabu mama alimtumia ujumbe wa kumpongeza. Alijibiwa kila mara, "Ubarikiwe mama."

Kisha mtoto wa jicho akaziba macho yake yote mawili. Mama aliyesoma kila kitu, hadi gazeti lililofungiwa vitumbua, akawa anapapasa ukuta akitafuta mlango. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, mwaka wa kumi na mbili sasa, na nilimtafutia nafasi kwa daktari ninayemwamini. Tukakaa kikao cha familia hapa nyumbani Chamazi, mama akakubali. Zilibaki wiki mbili. Wakati tukisubiri, akaniomba nimsomee riwaya mpya ya bwana wetu. Safari hii ilihusu madaktari.

Tulisoma alasiri, kibarazani, nikitoka kazini. Katika sura ya kwanza tu daktari anamchoma mgonjwa sindano ya nusu kaputi begani, na mgonjwa analala kabla sindano haijachomolewa. Nikacheka. Chumba cha upasuaji kina dirisha wazi na pazia linapepea. Hapo sikucheka tena. Halafu akaingia bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho. Madaktari wanamlaza, wanamng'oa macho yote mawili, wanampachika ya kioo, na akiamka wanamwambia pole bibi, upasuaji haukufanikiwa. Macho yanatiwa kwenye boksi la barafu na kupakiwa kwenye kontena, yapelekwe ng'ambo kwa meli. Kwa meli! Mtu aliyeijua bandari kuliko makarani wake anayasafirisha macho mwezi mzima baharini. Baba angekitosa kitabu kwenye mchuzi.

Hasira yangu nyingine ni juu yangu mwenyewe. Napenda kusifiwa usomaji. Sehemu ya bibi yule niliisoma kwa sauti zote mbili, ya daktari nzito na ya pole pole, ya bibi yenye kutetemeka. Nilijua ni upuuzi na bado nikaupamba. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ameishika kanga yake kwa mikono miwili.

"Basi," akasema. "Mie siendi."

"Mama, huo ni uongo mtupu. Utapigwa ganzi ya jicho tu, hulazwi usingizi. Ni muda mfupi, na daktari utamsikia mpaka mwisho. Na hakuna mtu anayeweza kuling'oa jicho zima akampachikia mwingine likaona."

"Huyu hasemagi uongo. Baba yako mwenyewe alimkubali."

"Mie nitakuwa nimesimama pembeni yako."

"Hata kwenye kitabu kulikuwa na nesi mwema," mama akasema. "Naye hakujua."

Nilikwenda jikoni nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kesho yake nikapiga ile namba ya nyuma ya jalada. Alipokea mwenyewe, sauti ya upole kabisa. Nikamweleza kila kitu.

"Dada, ile ni hadithi tu," akasema.

"Umewahi kuingia chumba cha upasuaji?"

"Sijawahi. Ila wasomaji siku hizi wanapenda ishu za hospitali."

Nikamwomba amwambie mama maneno hayo hayo, kwamba alitunga. Akasema hakuna shida. Nikaweka spika, nikamwambia mama kwamba mwandishi wake yuko hewani. Mama alijifunga kanga vizuri kichwani, kana kwamba anaonekana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Alianza kwa kumsifu. Alimtajia kitabu cha bandari sura kwa sura, na yule bwana akawa anacheka kwa raha. Kisha mama akauliza, "Na haya ya madaktari, mwanangu, ni kweli?"

Nilisikia bodaboda ikipita upande wake.

"Mama," akasema, "mie siandikagi kitu bila kufanya utafiti."

Nilikata simu, lakini mama alikuwa ameshasikia. Nikamtumia yule bwana ujumbe ambao sitaurudia hapa. Alijibu, "Samahani dada, nimeshindwa kumvunja moyo." Alikuwa anaogopa kuvunjika moyo yeye. Nafasi ya mama akapewa mama mmoja wa Kimbiji, na mimi ndiye niliyemshika mkono akifanyiwa. Kesho yake alipotolewa bandeji alinitazama usoni, akaniuliza kwa nini nimenuna.

Wiki hiyo hiyo mama akataka tumalizie kitabu. Nikakubali upesi, kwa sababu nilikuwa na mpango wangu. Nilifungua sura ya mwisho nikaacha kuisoma, nikaanza kutunga. Polisi wanagundua kwamba wale si madaktari, ni matapeli waliovaa makoti meupe. Macho ya bibi yalikuwa hayajaguswa, wamemfunga bandeji tu. Anapelekwa hospitali ya kweli, anatibiwa, na siku ya tatu anasoma barua ya mjukuu wake. Niliisoma kwa sauti yangu nzuri kuliko zote.

"Hapo unatunga wewe," mama akasema. "Yeye haandikagi hivyo."

Uongo wangu aliugundua kabla sijamaliza ukurasa. Wa yule bwana ameuamini mpaka leo. Niliinuka kimya kimya nikasimama karibu na ukuta, kitabu mkononi, nikiwa na hasira ya kulia.

"Endelea," akasema mama, akikiangalia kiti nilichokuwa nimeshakiacha. "Ila soma kilichoandikwa."