Utani Katika Muhtasari

Hamisa Mwishehe aliajiriwa na chuo kikuu mwaka 2001, akiwa mpiga chapa wa Idara ya Historia. Kompyuta zilipoenea na kila mhadhiri akawa anajichapia mwenyewe, hakupunguzwa kazi. Mkuu wa idara wa wakati ule alimfungulia kabati lililojaa kanda za mahojiano ya wazee wa jiji, akamkabidhi kinasa sauti na daftari, akamwomba asikilize na kuandika. Elimu yake ilikuwa ya kidato cha nne. Masikio yake yalikuwa ya Keko, alikozaliwa na kukulia baina ya karakana za maseremala, ambako mtu hujifunza kusikia maneno juu ya kelele za msumeno.

Kila kanda aliisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza hakushika kalamu. Alisikiliza tu, mikono mapajani. Mara ya pili aliandika maneno. Mara ya tatu aliandika yale yasiyo maneno: nani alicheka, nani alinyamaza na kwa muda gani, nani aliingia mlangoni mazungumzo yakabadilika. Kwa mwendo huo, kanda moja ya saa nzima ilimchukua siku sita.

Mwezi Aprili mwaka jana, uongozi ulitoa waraka kwamba bajeti ya chuo imepungua, na kwamba idara yenye wanafunzi wapya wasiofika thelathini itasitisha udahili. Historia ilikuwa na kumi na mmoja. Waraka ulieleza kwamba wazazi na wanafunzi sasa wanataka kozi zenye ajira. Nafasi ya mnukuzi, yaani ya Hamisa, ilikuwa katika orodha ya kwanza ya zile za kufutwa, kwa kuwa chuo kilikuwa kimepata programu ya kompyuta ya kugeuza sauti kuwa maandishi.

Talha, kijana wa kitengo cha Tehama, ndiye aliyekuja kumwonesha.

"Shikamoo mama. Hii kitu inamaliza kanda moja dakika nne."

"Marahaba. Inasikiliza mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Basi inajiamini kuliko mie."

Mkuu wa idara, Dokta Fredrick, alipata jambo moja tu kutoka kwa uongozi: kabla nafasi ya Hamisa haijafutwa, kanda moja inukuliwe na pande zote mbili, na kamati ya kupunguza matumizi ilinganishe. Tofauti isipoonekana, ajira yake ingekoma tarehe thelathini Juni, ikiwa imebaki miaka minane astaafu.

Kanda iliyochaguliwa ilirekodiwa mwaka 1994 katika karakana moja ya Keko. Wazungumzaji walikuwa wawili: Mzee Twalib, Mzaramo, na seremala mwenzake Anselmo, Mnyamwezi aliyetoka Tabora akiwa kijana. Nakala ya programu ilikuwa safi, bila kosa la tahajia. Mwishoni iliweka muhtasari wake: mzungumzaji wa kwanza anakiri kwamba ukoo wake ulimnunua babu wa mzungumzaji wa pili awe mtumwa, mzungumzaji wa pili anatishia kuzuia mazishi ya wa kwanza.

Kikao kilifanyika siku ya Jumanne asubuhi. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kokushubila, naibu makamu mkuu wa chuo anayesimamia fedha, mwanamke aliyezoea kuuliza swali moja kwa wakati.

"Bi Hamisa, neno 'mtumwa' limo kwenye kanda?"

"Limo, Profesa. Mzee Twalib anasema, 'Huyu mtumwa wangu, babu yangu alimnunua babu yake kwa kibaba cha chumvi.'"

"Na suala la mazishi?"

"Nalo limo. Anselmo anamjibu, 'Mzaramo gani wa kununua mtu? Nyie mkiuza nazi moja mnacheza ngoma siku tatu. Ukifa mie nitalala kaburini mwako, huzikwi mpaka nishibe.'"

"Basi mashine imeandika kilichosemwa."

"Imeandika. Ila muda wote huo Anselmo alikuwa anapiga randa. Nimeisikiliza mara tatu; randa haikusita. Seremala aliyetukanwa kweli huweka randa chini. Hawa ni watani, Profesa. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara ya wapagazi. Na mtani ana haki hiyo msibani, ya kulala kaburini mpaka apewe chochote."

Profesa Kokushubila alizaliwa Bukoba, na utani huo wa pwani na Tabora aliujua kwa kuusikia tu. Alikuwa akiandika jambo pembeni mwa karatasi yake wakati Gaspar, meneja wa milki, mtu mzito wa umri wa miaka hamsini hivi kutoka Urambo, Tabora, alipogeuza kiti kumtazama mnukuzi.

"Kumbe wewe ni Mzaramo?"

"Wa Keko."

"Na umekaa kwenye kiti mbele yangu, saa nzima! Nyie ni watumwa wa ukoo wetu. Hebu piga magoti kwanza, ndipo uongee na wakubwa."

"Bosi gani anatembea na funguo za vyoo kiunoni?" alisema Hamisa. "Subiri ufe. Nitashika jeneza lako hapo getini, halitoki mpaka mkeo aniletee kuku wawili."

"Mmoja."

"Wawili, na mchele."

Wajumbe walicheka, kikao kikaendelea na ajenda nyingine, na uamuzi ukaahirishwa kwa wiki mbili.

Aliyeandika muhtasari alikuwa Nusaiba, katibu muhtasi mpya, mwenye diploma ya utunzaji wa kumbukumbu, aliyekulia Goba katika nyumba ya wazazi waliohamia kutoka Pemba. Aliandika kwa mkono, kwa uangalifu, kama alivyofunzwa: *Ndg. Gaspar alimtamkia mtumishi kuwa ni mtumwa wa ukoo wake na kumwamuru apige magoti. Mtumishi alijibu kwa kutishia kuzuia mazishi ya Ndg. Gaspar.* Nakala ilipelekwa Utumishi, ambako hakuna aliyekuwa kikaoni. Kabla wiki haijaisha, Gaspar alikuwa amepokea barua ya kumtaka ajieleze ndani ya siku saba, na Hamisa alikuwa ameitwa ajaze fomu ya malalamiko. Hakuijaza.

Kikao cha pili kilianza na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, na hapo hapo kikakwama. Gaspar alikuwa ameweka barua yake mezani na hakuwa na mzaha tena.

"Nusaiba," alisema Profesa Kokushubila, "ulisikia watu wakicheka?"

"Nilisikia, Profesa. Lakini watu huchekaga hata mtu akionewa. Sikujua ni kicheko kipi."

Mwenyekiti alisoma tena ibara ile, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hakukosea neno hata moja," alisema. "Hilo ndilo linalonisumbua. Karatasi hii ingekaa kwenye jalada, miaka thelathini ijayo mtu angeisoma, na Gaspar angekuwa mtu mbaya." Alimsogezea Hamisa ile karatasi. "Irekebishe."

Hamisa hakufuta chochote. Alichora alama chini ya sentensi ya pili na kuandika pembeni: *Wanaozungumza ni watani, Mnyamwezi na Mzaramo. Wote wawili wanatabasamu. Wanapatana bei ya kuku.* Gaspar alisaini chini yake, na Utumishi wakaondoa barua.

Uamuzi ulitoka siku ileile. Nafasi ya Hamisa ilibaki, ikahamishiwa maktaba kwa jina la mhakiki wa manukuu. Programu ingeandika, yeye angesikiliza na kusahihisha. Dokta Fredrick alipouliza kuhusu idara, mwenyekiti alifunga faili lake.

"Umenishawishi kuhusu mtu mmoja, Dokta. Kuhusu wanafunzi kumi na mmoja hukunishawishi."

Udahili wa Historia ulisitishwa kuanzia Oktoba. Dokta Fredrick alipangiwa kufundisha stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa ununuzi na ugavi. Wiki ya mwisho ya Septemba alishuka maktaba kumkabidhi Hamisa daftari la orodha ya kanda, akakuta kabati limeshasimamishwa karibu na dirisha.

"Wewe umepona," alimwambia.

"Nimepona na kabati, Dokta. Nikisahihisha, anasoma nani?"

Dokta Fredrick alifungua daftari. Kanda mia mbili na tano zilikuwa bado kunukuliwa. Alisema kwamba siku za Jumatano mchana hana kipindi, na Hamisa akaenda kuazima kiti cha pili kaunta.