Viwavi wa Kopo la Wafu

Siku ya kwanza kazini, pale Old Korogwe, Bwana Misitu alinipa makopo mawili na kalamu.

"Shule ulifika wapi?"

"La saba, mzee. Mengine nimejisomea."

"Basi utahesabu viwavi."

Nikanuna. Mtu mzima nihesabu viwavi! Lakini yeye ndiye alinifundisha kila ninachojua, na ikafika mahali mtu akimsema vibaya, tunakunjana mashati.

Tukapelekwa Kwaluguru, shamba la misaji. Viwavi walikuwa wanakula majani wanaacha mishipa mitupu. Mzee akaleta dawa ya bakteria, vijidudu ambavyo kiwavi akivila pamoja na jani, vinamharibu tumbo. Wakubwa wa mkoa hawakuitaka. Walimwambia: ikishindwa, unarudi ofisini kupanga mafaili.

Tukainyunyiza sehemu ya shamba, kisha tukafuga viwavi kwenye maboksi, wengine tukawapa majani yenye dawa, wengine matupu. Fomu ilikuwa na safu mbili: hai, wafu. Sasa nyie mnaoanza kazi hii, niambieni. Wachache walikufa kweli, weusi, wamelegea. Ila wengi? Wanauma jani, wanaacha. Kujivua ngozi, wanachelewa. Wenzao wasio na dawa wameshageuka nondo, hawa bado kama njiti za kiberiti. Niwaandike wapi? Asubuhi nzima nimeshika kalamu. Mwishowe nikasema hawa si wa kuishi, nikawatia kopo la wafu. Sikutaka mzee wangu ashindwe.

Mchana Afisa wa Mkoa akaja, akafungua kopo. Wafu wakampanda mkononi.

"Bwana Misitu, maiti zako zinatembea!"

Wakacheka wote. Nikafoka, "Mzee hajui, nimewaweka mimi!"

"Tulia, dogo. Unamkingia kifua bosi wako."

Jaribio likafutwa palepale. Walipoondoka, mzee akaniita.

"Hao wadogo ndio niliokuwa nawatafuta. Kiwavi asiyekua hamalizi msitu. Kwa nini hukuandika?"

"Fomu haina safu yao, mzee."

"Si ulikuwa na kalamu? Ungechora mstari."

Nikaacha kazi siku ileile, kwa hasira, sijui hasira na nani. Yeye alipanga mafaili mpaka kustaafu. Nikienda kumwamkia anaitikia vizuri tu, hilo halitaji. Misaji ya Kwaluguru ilichipua mwaka ule. Dawa au mvua? Mpaka leo sijui.

Ila karatasi yoyote ya safu mbili ikifika mkononi mwangu, nachora ya tatu. Mara nyingi inabaki tupu.