Msiba wa Barafu Mkunya

Mpwa wangu alikuja nyumbani Mkunya kuniomba ruhusa ya kwenda nchi ya baridi kusomea barafu ya baharini. Kwetu mjomba asipotamka, binti haondoki, hata baba yake akiafiki. Nilikuwa nimeshajiandaa kukataa. Mimi ni mzee, na sikutaka habari za kifo changu azipate kwa simu.

Akanionyesha picha za setilaiti: bahari nyeusi, na barafu nyeupe imetanda juu yake.

"Hapa tufani imeipasua, Mjomba," alisema, akigusa ufa mrefu.

Mtani wetu, bibi wa Kiyao anayekunywa chai kwangu kila asubuhi, akachungulia. "Imepasuka? Basi imekufa!" Akajipaka jivu usoni, akakaa chini mlangoni na kulia kilio cha msiba. Mtani akishaanza, mwenye nyumba hana amri.

Sijamaliza kuvaa kofia, wanawake wakaingia na unga, wanaume na kuni. Jirani akanishika mkono, machozi yanamlenga.

"Pole sana, Mwalimu. Nani katutoka?"

Nimefundisha watoto Kurani miaka mingi. Siwezi kusema uongo. "Barafu," nikajibu.

Akafikiri kidogo. "Innalillahi. Ilikuwa ikiumwa?"

"Upepo!" akadakia mtani. "Upepo ndio umeiua!"

Ikabidi binti awaeleze waombolezaji. Setilaiti, alisema, huiona barafu hata chini ya mawingu na kwenye giza, maana hutumia rada, haingoji mwanga wa jua. Akafungua picha ya wiki iliyofuata. Barafu ilikuwa imetanuka. Tufani iliitawanya vipandevipande, na kwa kuwa kule ni majira ya baridi, maji yaliyobaki wazi katikati yakaganda upya. Ingekuwa kiangazi, mawimbi yangeisaga, na yale maji meusi yangevuta joto la jua na kuiyeyusha.

"Kumbe marehemu kanenepa!" mtani akafoka. "Mjomba mtu, umetuitia matanga ya anayenenepa?"

"Uliyelia ni wewe."

"Kazi yangu kulia. Kuhakikisha ni kazi yako!"

Hakuna aliyethubutu kurudi kwake na unga wa msiba. Ukasongwa ugali, tukala. Wazee wakabishana kama barafu inasomewa dua. Nikaisoma, dua haina hasara.

Watu walipotawanyika nikamuuliza mpwa wangu, "Nikifa uko huko, utafika kunizika?"

Akainamisha kichwa. "Sitawahi, Mjomba. Nitakuombea huko huko."

Mama yake, dada yangu, alimfinya ili abadilishe jibu. Hakubadilisha. Mtani akanikazia macho.

"Kwani kuzika kwenu anazika mtoto? Tunazika sisi watani. Huyu hata akiwepo atatuzibia njia tu."

Nikamshukuru Mungu aliyenipa mpwa asiyenidanganya, nikamgeukia dada yangu ili asikie vizuri, nikatamka, "Aende."